Nikikataa wanachofanya wote, nitajuaje ni akili au ni ukaidi tu?

WaruNaMaziwa (Njoro) · Jumamosi, saa 4 usiku

Habari zenu humu ndani. Mimi ni mama wa watoto wawili, miaka 34, nalima viazi kwenye ekari mbili na nusu alizoniachia marehemu mama huku juu ya Njoro, ukielekea Mau Narok. Kabla ya hapo nilikata maua Naivasha miaka saba. Swali langu si la kilimo hasa, lakini lazima tupitie shambani ndio mnielewe.

Tangu Novemba huku kwetu wimbo ni mmoja: ovakado ya Hass. Kuna jamaa anapita na pikapu yenye spika, nyuma imejaa miche. Majirani saba washapanda. Chama chetu, tuko akina mama kumi na wanne, kimekubaliana kila mtu atoe 12,000, yaani miche sitini kwa 200 kila mmoja. Aliyebaki kutoa ni mimi peke yangu. Kaka yangu mkubwa, ambaye shamba lake limepakana na langu, ameniambia mbele ya watoto wangu kwamba nimekuwa mjuaji tangu nirudi kutoka Naivasha.

Sikukataa hivi hivi. Nilichukua daftari ya hesabu ya kijana wangu, ile ya miraba yenye jedwali la kuzidisha nyuma, nikakaa jikoni usiku. Muuza miche alisema ekari inaingia miti 150, kila mti matunda 1,000, kila tunda shilingi 10. Nikazidisha nikapata milioni moja na nusu. Nikaitazama ile namba mpaka chai ikapoa. Nikajiuliza, kama hiyo pesa iko, huyu anahangaika nini barabarani na spika, si angekuwa kwake anachuma?

Halafu kuna mti wa mama. Uko nyuma ya jiko, aliupanda 2009, umeshapita paa la nyumba. Mwaka uliozaa sana tulihesabu matunda kumi na moja. Kila Januari na Februari, usiku ukiwa hauna wingu, tunaamka nyasi ni nyeupe, na maua ya ule mti yanageuka rangi ya majani ya chai yaliyochemshwa. Simu yangu inasema nyumba iko mita 2,640 kutoka usawa wa bahari. Nikamuuliza muuza miche kama kuna mti wake hata mmoja umezaa huku juu yetu. Akanijibu, "Mama, soko liko, hadi Uchina." Najua soko la Uchina lilifunguliwa 2022. Mimi sikuuliza Uchina, niliuliza hapa.

Sasa mtasema, basi si umefikiri, shida iko wapi? Shida ni kwamba sijiamini, na nina sababu. 2014 nilikuwa na miaka 23 na akiba ya mishahara ya mwaka mzima. Mnakumbuka kware? Yai moja la kware lilikuwa linauzwa bei ya kilo ya unga, eti linatibu presha, kisukari na kila kitu. Nilinunua ndege ishirini, nikahangaikia leseni ya shirika la wanyamapori, nikatengeneza kizimba. Kufikia wakati wangu wanaanza kutaga, kila mtu alikuwa na kware, na yai halinunuliwi hata kwa shilingi tano. Tuliwala kwa ugali. Ndege mmoja anatosha tonge mbili. Kwa hiyo nimeshaona kichwa changu kikifuata watu na sijui kama kimepona.

Upande wa pili, kuna mara moja nilipofanya kivyangu ikanilipa. Mwaka juzi nilinunua mizani ya ndoano mjini Nakuru, nikaitundika kwenye mti wa mama (ndiyo kazi pekee ambayo huo mti umewahi kuifanya vizuri). Broka alikuja na gunia la viazi la mukorino, lile tunaloliita hivyo kwa sababu ya kilemba cha wavu juu, kama kile cha waumini wa Akorino. Alipokwisha kulijaza nikamwomba tulimwage tupime kwa ndoo. 17, 17, 18, 17, 17, 17, 18, 17. Kilo 138. Mimi nilikuwa nalipwa 2,800 nikiamini nauza 110. Msimu uliotangulia nilikuwa nimeuza magunia arobaini ya namna ile. Pigeni wenyewe: kilo 1,120 za sadaka, kama magunia nane mazima. Sheria inasema gunia lisizidi kilo 50, na huku kila mtu anaijua. Yule broka alicheka akaondoka, na wengine wawili hawajarudi mpaka leo. Lakini sasa nauza kwa kilo, kwa akina mama wawili wa chipsi Njoro mjini na broka mmoja kijana aliyekubali mizani.

Tangu siku hiyo najitegemea kwa kila kitu. Hata mbegu sinunui, mwaka wa nne huu natumia zangu, nachagua zile viazi vidogo vidogo vya mavuno nahifadhi. Shamba liko vizuri, ukiondoa mimea michache kona ya chini ambayo fuko wanaiharibu.

Swali ni hili. Nitajuaje kwamba kwenye ovakado ninafikiri kama siku ya mizani, na si kwamba nimekuwa mtu wa kukataa tu kwa sababu niliumwa na kware? Kwa ndani vinafanana kabisa.

---

SubukiaKijani · Jumamosi, saa 5 usiku

Dada, mimi ni mmoja wa hao wa Hass, na sijutii. Niko Subukia, bondeni, ambako watu wamelima kahawa tangu zamani. Miti 80 kwenye ekari, nafasi ya mita saba kwa saba, huu ni mwaka wa tano. Mwaka wa tatu nilichuma kidogo, wa nne nikalipa karo. Mwaka huu sijui, kwa sababu serikali hufunga mavuno sehemu ya mwaka ili watu wasiuze matunda machanga, na ukipitwa na dirisha unauzia wa barabarani kwa bei ya kuchekesha.

Lakini hapa kwangu hakujawahi kulala barafu. Hiyo miti 150 anayokuambia utaishia kukata nusu yake ikishakua, inashikana matawi. Na matunda elfu kwa mti si ya mti wa miaka mitatu, hata kwangu bado.

Sikuambii upande wala usipande. Nakwambia tu huyo mwenye spika hauzi ovakado, anauza miche. Hizo ni biashara mbili.

---

MlaMbivu · Jumapili, saa 1 asubuhi

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Watu kumi na tatu kwenye chama wote ni wajinga, kaka yako mjinga, majirani saba wajinga, wewe na daftari ya mtoto ndio mmejaliwa? Siku umelazwa hospitali, hiyo mizani ndiyo itakuletea uji? Toa hiyo 12,000 udumishe undugu. Miche ikifa imekufa.

---

FundiKondele (Kisumu) · Jumapili, saa 3 asubuhi

MlaMbivu, yawa, mbona asubuhi asubuhi hivyo? Ngoja nikujibu kwanza halafu nirudi kwa dada.

Kujitegemea hakujawahi kumaanisha ukae peke yako kama bundi. Hapa Kisumu wazee bado wanasimulia Jaramogi Oginga Odinga. Alikuwa mwalimu Maseno, na 1947 akaanzisha Luo Thrift and Trading Corporation. Hakuwa na hela za kutosha. Alizunguka akiuza hisa kwa watu wadogo wadogo, wengi wasioamini kwamba Mwafrika anaweza kuendesha kampuni. Hao walitoa pesa zao pamoja, lakini kila mmoja alielezwa pesa inaenda kufanya nini. Chama cha dada kimeelezwa nini? Kimeelezwa spika.

Sasa dada. Mimi ni fundi wa mota, miaka kumi na sita Kondele. Ovakado siijui, hapa tuko mita 1,100 na kitu na joto la kukaanga samaki bila jiko. Lakini swali lako nalijua.

Mzee aliyenifunza kazi, Mungu amlaze pema, alikuwa na tabia ya kukera. Ukimpelekea mota umwambie, "Mzee, naona hii imeungua," anakuuliza, "Unaona kwa jicho gani?" Halafu anakusukumia mita, ile ya kupimia umeme, anarudi kwa chai yake. Hakuwahi kuniambia jibu hata mara moja. Nilidhani ananichukia.

Mwaka juzi akaja mama wa Mamboleo mwenye ng'ombe watatu, na mota ya mashine ya kukatia majani. Ukiwasha inalia nguuu, haizunguki. Mafundi watatu walikuwa wamemwambia imeungua, isukwe waya mpya, 9,500. Nilivyokuja kuelewa baadaye, wa pili alisikia kwa wa kwanza na wa tatu akasikia kwa wa pili. Hakuna aliyeifungua! Nikapima waya zake, namba zote nzuri, hakuna harufu. Nikafunua kile kikebe cha pembeni, kapasita imefura kama mandazi. Kuhakikisha, nikaviringisha kamba kwenye puli, nikavuta kama mtu anayewasha jenereta, huku kijana wangu anawasha stima. Mota ikanguruma ikashika kasi. Basi ilikuwa inakosa ule msukumo wa kwanza tu, na hiyo ndiyo kazi ya kapasita. 450. Yule mama alinibusu mkono, naapa.

Hapo nikawa mtu mkubwa Kondele. Ngoja sasa umalizie.

Miezi miwili baadaye inaletwa mota nyingine, ya pampu ya maji, inalia nguuu ile ile. Sikushika mita. Wateja walikuwa watatu pale kwenye benchi wananitazama, na wawili walishasikia habari za yule mama. Nikasema kwa sauti, "Hii ni kapasita." Nikafunga mpya, nikawasha, nikaacha iendelee kulia nikiwa nawaelezea jinsi mafundi wengine wanavyowaibia. Moshi. Kumbe beringi ilikuwa imekwama. Ningejaribu kuzungusha shafti kwa vidole viwili tu ningejua. Nikaisuka upya kwa pesa yangu, siku mbili, huku nimenuna.

Kwa hiyo, dada, mara ya kwanza nilikataa walichosema watu watatu. Mara ya pili sikumwiga mtu yeyote, nilijiiga mwenyewe. Na nikwambie ukweli, ndani ya kifua zilikuwa zinasikika sawa sawa kama unavyosema. Hata ile ya pili ilisikika tamu zaidi. Tofauti yake ilikuwa kwenye mkono: kulikuwa na mita au hakukuwa na mita.

Kwenye ovakado wewe una mti wa mama, una barafu, una zile mita 2,640 za simu, na ulimuuliza muuzaji swali ambalo angeweza kulijibu kama ana jibu. Mimi ningelala usingizi. Swali ni kama kuna kitu hapo shambani hujakipima kwa sababu unajiona umeshakijua.

---

WaruNaMaziwa · Jumapili, saa 2 usiku

Fundi, nimesoma hiyo ya moshi mara mbili nikicheka, halafu nikaacha kucheka.

SubukiaKijani, asante kwa ukweli. Hakuna mtu huku aliyewahi kutuambia habari ya mita saba kwa saba wala ya kufungiwa mavuno. MlaMbivu, sijawaita wajinga. Wengi wao ni werevu kuniliko, mmoja ni nesi. Ndiyo maana inanisumbua.

---

MstaafuMolo · Jumatatu, saa 12 jioni

Binti, shikamoo hazitumiki sana huku kwetu kwa hiyo nakusalimu tu. Nilikuwa afisa wa kilimo wa nyanjani miaka ishirini na tisa, Siaya, halafu Vihiga, nikamalizia Molo. Nimesoma yote mpaka mwisho. Kwenye ovakado nakubaliana nawe, kwa baridi hiyo usitupe pesa. Miti michache karibu na nyumba, mahali pa kukinga upepo, kwa ajili ya watoto kula, sawa.

Lakini umeandika sentensi mbili mwishoni kwa haraka, na mimi ndizo zilizonifanya nivae miwani. Umesema mbegu unachagua vile vidogo vidogo vya mavuno yako, mwaka wa nne. Na umesema kuna mimea kona ya chini ambayo fuko wanaiharibu.

Tuanze na hao fuko. Fuko hula mizizi na viazi, ukivuta mmea unakuja wote mkononi na utaona kashimo. Mimea yako inakuja hivyo, au inanyauka ikiwa bado kijani kibichi, mchana imelala, asubuhi imejaribu kuinuka, na siku chache baadaye haiinuki tena? Kama ni hivyo, chukua glasi inayoonekana upande wa pili. Ijaze maji safi. Kata kipande cha shina la mmea ulioanza kunyauka, karibu na udongo, urefu wa kidole gumba. Kining'inize kwa uzi au kishikilie kigusie maji tu, usitikise. Kaa uhesabu dakika tano. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka kutoka kwenye shina, binti, huo ni mnyauko wa bakteria. Hauna dawa. Atakayekuuzia dawa yake mfukuze pamoja na yule wa spika.

Sehemu za baridi kama kwako ugonjwa huu unajificha. Kiazi kinaonekana safi kabisa, unakihifadhi, unakipanda, na kwa mkono wako mwenyewe unaupeleka shamba zima. Na unasambaa kwa maji yanayoteremka, kwa jembe, kwa viatu.

Sasa vidogo vidogo. Nimebishana na wakulima juu ya hili mpaka sauti ikaniisha. Mara nyingi kiazi ni kidogo kwa sababu mama yake alikuwa mgonjwa. Ukila vikubwa ukapanda vidogo kila msimu, kila mwaka unachagua watoto wa wagonjwa. Sikwambii lazima ununue mbegu iliyothibitishwa kila msimu, najua ekari moja inakula magunia kumi na sita ya kilo hamsini na najua bei yake. Lakini mimea ikiwa na maua, kabla haijaanza kukauka, pita na vijiti. Ile mizuri kabisa, iliyosimama, isiyo na majani ya kujikunja, uichomekee kijiti. Ichimbe hiyo peke yake, mmoja mmoja, na kama hata mmoja una viazi vya ajabu ajabu uuache. Hizo ndizo mbegu zako.

Nikiwa Siaya tulikuwa tunaenda Mbita, kwenye kituo cha utafiti cha ICIPE, kuona sukuma-vuta. Unapanda desmodiamu katikati ya mahindi na nyasi za mifugo kuzunguka shamba. Ile desmodiamu inafukuza bungua, wale viwavi wanaotoboa mabua, na kukausha kayongo, lile gugu la maua ya zambarau linalonyonya mahindi. Nyasi za pembeni zinawavuta bungua huko nje. Mama mmoja pale Siaya aliponisikiliza hakusema ndiyo wala hapana. Alitenga mistari minne tu, kando ya choo, ambako hakuna mtu angeiona. Msimu uliofuata akatenga kumi. Wa tatu, aliniita mimi nije nione, na akanieleza makosa mawili ya vipimo nilivyompa. Alikuwa sahihi kwa moja. Lile lingine nilimshinda.

Nenda na glasi. Halafu uje utuambie ulichoona, si unachofikiri.

---

FundiKondele · Jumatatu, saa 1 usiku

Hiyo glasi ndiyo mita. Mzee umenitoa jasho na mimi sina hata shina moja la kiazi.

---

MlaMbivu · Jumatatu, saa 1 na nusu usiku

Na ikiwa ni fuko kweli?

---

MstaafuMolo · Jumatatu, saa 2 usiku

Basi atatega fuko. Glasi haina upande.

---

WaruNaMaziwa · Jumatano ya wiki iliyofuata, saa 3 usiku

Samahani kwa kukaa kimya. Nitawaambia kama ilivyokuwa.

Siku tatu za kwanza sikwenda na glasi. Nilisingizia mvua. Mvua ilikuwepo, lakini nilikuwa nakama ng'ombe kwenye mvua hiyo hiyo, kwa hiyo hebu tusidanganyane. Kila nikipita kona ya chini nilikuwa natafuta mashimo ya fuko, na niliyapata, mawili. Nikafurahi kama mtoto. Halafu nikakumbuka mambo ya benchi la Kondele na watu watatu wanaotazama.

Ijumaa asubuhi nikachukua glasi ya wageni, hizo nyingine zote ni vikombe vya plastiki. Nikakata shina moja kutoka kona ya chini na moja kutoka juu karibu na njia, ambako mimea imesimama vizuri. La juu nikaliweka kwanza. Dakika tano, kumi, hakuna kitu, maji yako vile vile. Nikamwaga, nikaosha glasi, nikaweka la chini. Nilikuwa sijahesabu hata dakika mbili. Uzi mweupe mwembamba ukashuka taratibu kama moshi wa sigara unaoenda chini badala ya juu. Halafu wa pili. Kijana wangu alikuwa amesimama nyuma yangu, akauliza, "Mama, hayo ni maziwa?"

Nikakaa chini kwenye matope. Kwa sababu ile kona ni yangu mimi. Hakuna broka aliyeniletea, wala kaka, wala chama. Ni mbegu nilizojisifu nazo hapa hapa kwamba sinunui kwa mtu.

Nimepima sehemu kumi na mbili sasa. Nne zinatoa maziwa, zote ziko upande wa chini maji yanakoelekea, isipokuwa moja iko katikati, karibu na pale tunapoachia majembe. Ni kama robo ekari. Nimeng'oa mimea yote inayonyauka pamoja na viazi vyake na kuvifukia kwenye shimo mbali na njia ya maji. Hiyo robo haitaona kiazi tena kwa misimu mingi. Nitaweka mahindi, baadaye shayiri ya ng'ombe, na kila kiazi kitakachojiotea pale nitakitoa. Nimechimba mfereji wa kuzuia maji, na jembe la kule chini lina kipini nilichokipaka rangi nyekundu lisivuke juu. Upande wa juu nimeshachomeka vijiti, mia moja na arobaini. Sitapata mbegu za kutosha, kwa hiyo msimu ujao nitanunua magunia manne yaliyothibitishwa. Bei yake imenikaa kooni lakini ndiyo hivyo.

Chama nacho. Mkutano ulikuwa Jumapili. Nilikwenda na daftari. Sikusema ovakado ni mbaya. Niliwasomea nafasi ya mita saba kwa saba, na mambo ya kufungiwa mavuno, na nikapendekeza badala ya miche sitini kila mtu aanze na mitatu, tuone Januari ikija itafanyaje. Wanane walikataa, wanaendelea na sitini. Wanne wakasema mitatu, na yule nesi ni mmoja wao. Mwekahazina hakupiga kura, alisema anaumwa kichwa. Mimi nimetoa 600, miche mitatu, nimeipanda nyuma ya jiko ambako ukuta unakinga upepo. MlaMbivu, undugu upo, tulikunywa chai. Ilikuwa chai ya baridi kidogo, lakini tuliimaliza.

Jana jioni kaka alikuja kudai pampu yake ya kunyunyizia dawa. Akaona glasi iko dirishani na kipande cha shina ndani yake, akauliza ni uchawi gani huo. Sikumweleza chochote. Nilimwaga, nikaweka maji mapya na shina jipya, nikamvutia kiti. Akakaa na kofia mkononi. Ule uzi uliposhuka akainama mpaka pua ikakaribia kugusa glasi. Hakusema neno. Akabeba pampu yake akaenda.

Leo saa kumi na mbili asubuhi nimesikia hodi. Alikuwa na mashina manne, kila moja limefungwa uzi wa rangi yake. Akasema, "Ile glasi bado unayo?"

Ya rangi ya buluu ilikuwa safi. Hizo nyingine tatu bado tunazizungumzia.